Mkono wa Kushoto Chini ya Shuka

Nilianza kucheza gofu kwa sababu ya ubishi. Injinia mmoja wa barabara alipohamishwa kutoka Garissa alimwachia mwalimu wa hesabu mkoba wa fimbo zake, na mwalimu akaja nao hadi ofisini kwetu, ofisi ya mifugo, kuuliza kama kuna uwanja mpana usio na watu. Nikamwambia hapa hatuna upungufu wa uwanja mpana. Akanionyesha kwenye simu watu wazima wakipiga kipira kidogo juu ya majani mabichi, nikacheka hadi karani wa chumba cha pili akachungulia. Mchezo gani huu, nikasema, wa kupiga kitu ambacho hakijakukosea?  Mwalimu aliweka mpira chini nyuma ya ofisi, akanipa fimbo, akasema, "Piga basi." Nilipiga mara tisa, na mara zote tisa nilichimba udongo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku ile sikurudi nyumbani mpaka mpira ule uliposogea.

Kesho yake nikamburuta rafiki yangu aje aone. Huyu nilisoma naye madrasa, tukiandika aya kwenye ubao mmoja wa mti, yeye upande huu na mimi upande ule, na alipokosea yeye nilichapwa mimi kwa kuwa nilikuwa mrefu na nilionekana kwanza. Ukubwani mimi nikawa mtu wa sindano na dawa za mifugo, yeye akawa dalali wa ng'ombe katika soko letu la Jumatano. Hakuwa dalali wa kupiga kelele, na kelele sokoni pale zipo za kutosha. Yeye alikuwa dalali wa shuka.

Nieleze, maana si kila mahali wanafanya hivi. Kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na muuzaji, au dalali wake, wanapeana mikono ya kulia, shuka linatupwa juu ya mikono hiyo, na vidole vinazungumza huko chini. Kushika kidole kimoja kuna maana yake, kushika viwili kuna maana yake, kubonyeza kifundo, kukwaruza kiganja, yote ni maneno. Watu wamewazunguka wanawatazama nyuso na hakuna anayejua wamefikia wapi. Mkono wa kulia wa rafiki yangu ulijulikana kutoka Bute mpaka Kotile. Watu walisema ukishikana naye tu, kabla hujabonyeza chochote, keshajua kama unauza kwa kupenda au kwa shida.

Basi aliponiona nimeikamata ile fimbo, hakutazama mpira wala miguu yangu kama mwalimu alivyokuwa akifanya. Alikuja akaweka kiganja chake juu ya mikono yangu.

"Wewe unaogoba," akasema.

Tulikuwa tukizungumza Kiswahili kwa ajili ya mwalimu, ambaye ni mtu wa Kakamega, na Kiswahili cha rafiki yangu ni cha sokoni, pe kwake ni be, ze mara nyingine ni se, na hajali.

"Siogopi kitu," nikasema.

"Mkono kama hii ikikuja chini ya shuka, mimi nakula wewe msima. Legeza, walaal, ndugu yangu."

Nikalegeza ili tu nimwonyeshe kuwa hajui anachosema. Mpira ukaondoka. Ulikwenda mbali, ukaangukia karibu na kichuguu, na mimi nikabaki nimeinua fimbo kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Mwalimu alimtazama rafiki yangu jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu bila kushika kalamu. Kuanzia siku hiyo tukawa watatu.

Uwanja wetu uko nje ya mji, upande wa barabara ya Modogashe, na una mashimo matatu. Nyasi hakuna. Mvua ikinyesha huchipua kidogo, na mbuzi humaliza kazi kabla sisi hatujafika. Pale kwenye shimo, ambapo wenzetu wa Nairobi wana majani yaliyonyolewa, sisi tumemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji ili upepo usiubebe, na anayemaliza kucheza anausawazisha kwa ubao. Pembeni yote ni mathenge, ule mti wa miba uliokuja kama mgeni ukajifanya mwenye nyumba. Mpira ukiingia humo tunasema innalillahi na kutoa mwingine. Na kwa kuwa ardhi ina changarawe inayokwaruza vyuma, kila mmoja alitembea na kipande cha zulia cha kuwekea mpira. Mama mmoja mwenye mbuzi alituangalia kwa wiki kadhaa, kisha akamwambia mke wangu sokoni kwamba mume wako na wenzake ni wacha Mungu, kila hatua chache wanatandika msala. Alilokuwa hajaelewa ni kwa nini wakishatandika wanapiga chini kwa fimbo.

Kuhusu zile fimbo tulibishana kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu siasa, na hapa kwetu siasa inabishaniwa kweli. Mwalimu alikuwa mtu wa chuma saba, fimbo ya kichwa cha chuma yenye namba hiyo. Alisema mtu akikijua chuma saba amejua vyuma vyote, na vingine ni kuongeza na kutoa. Mimi nilipenda chuma tano kwa sababu ni kirefu na kinaenda mbali, ingawa mikononi mwangu kilikuwa kinakwenda mbali kando. Rafiki yangu alipenda weji, ile fimbo fupi nzito yenye uso uliolala chali, ambayo kazi yake ni kuuchomoa mpira mchangani na kuuinua juu. Weji yenyewe tulichelewa kuipata. Injinia alikuwa amemwazima bawabu wake, na bawabu alikuwa akiulia nyoka. Alitusihi tumwachie, akasema hajawahi kupata rungu zuri kama lile.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya mkono wa kushoto. Mwalimu alikuwa akitazama video za masomo ya gofu usiku kucha, na kila jioni alikuja na somo jipya, lakini yote yalirudi palepale: ukisimama na mkono wa kulia chini na wa kushoto juu kwenye mpini, wa kushoto ndio unaoongoza. "Wa kushoto ni dereva," alisema. "Wa kulia ni abiria. Abiria akishika usukani gari linaingia mtaroni." Yeye alikuwa akiuzungusha mwili wake mnene, mkono wa kushoto umenyooka, na mpira unapaa. Sisi wawili tuliinama na kunyanyuka, tukavuta kwa kulia, na mpira ukakatiza kuingia kwenye mathenge.

Si kwamba hatukusikia. Mimi nimekua nikinyang'anywa vitu kutoka mkono wa kushoto. Mama yangu alikuwa na mwiko wa kusongea, na nikinyoosha kushoto kwenye sinia mwiko ulishuka kabla sijafika kwenye nyama. Kwetu hakuna anayepokea kwa kushoto, wala kutoa, wala kusalimia, wala kula. Kazi ya mkono huo inajulikana na inafanyika mlango umefungwa, na birika la maji. Sasa huyu mtu wa Kakamega anatuambia tuukabidhi fimbo.

"Maalim," rafiki yangu alimwambia siku moja, "hii ya kushoto kazi yake ni choo. Miaka arbaini iko choo. Leo wewe unataka ikuwe dereva?"

Tulicheka mpaka mwalimu akaketi kwenye zulia lake. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala kwenye fimbo kama mkwe aliyekuja kutembea, hagusi kitu asichoambiwa.

Kisha ikaja asubuhi ile. Rafiki yangu alikuwa akitawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, birika likamponyoka mkono wa kulia, akainama kuliokota na hakuinuka. Kiharusi. Alilazwa majuma mawili. Mdomo uliokwenda upande ulirudi, mguu ukarudi kiasi cha kujikokota, Alhamdulillahi. Mkono haukurudi. Nilipokwenda kumtazama alikuwa ameuweka juu ya paja, kiganja juu, kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

Sikuwa nimewahi kufikiri dalali anaweza kufa akiwa hai. Mwalimu aliuliza kwa nini asiendelee kwa mkono mwingine, na ilibidi nimweleze kwamba ukimwingizia mzee wa watu mkono wa kushoto chini ya shuka lake, mbele ya soko zima, umemtukana yeye na ng'ombe wake. Na rafiki yangu hakutaka hata kujaribu. Hakwenda sokoni wala kwenye kibanda cha chai. Alisali nyumbani. Mke wake, ambaye ni wa ukoo wa mama yangu na huniita abti kwa ujomba huo, alinisimamisha mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Abti, akila anafunga mlango." Alikuwa anakula kwa kushoto na hakutaka hata mkewe amwone. Kijiko alikikataa. Sheikh alikuja akamweleza kwamba dharura ina hukumu yake na hana dhambi hata chembe. Akamshukuru sheikh, akamsindikiza kwa macho, mlango ukafungwa tena.

Hivyo ikapita miezi mitano. Mimi na mwalimu tulikwenda uwanjani mara moja moja tukapiga bila kubishana, na gofu bila kubishana haina ladha.

Siku moja baada ya adhuhuri nilikwenda kwake nimebeba ile weji, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikujua tena cha kubeba. Tukiwa wawili tunazungumza Kisomali, na kwa Kisomali rafiki yangu ni mtu mwingine, maneno yake yamenyooka, kwa hiyo nayaandika yalivyonyooka. Alinikaribisha. Tukaletewa chai ya maziwa ya ngamia, mimi nikainywa na yeye akaitazama. Nikamweleza habari za soko. Hakuuliza lolote. Nikaona nimtie moyo, nikasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikaeleza na maana yake, kama vile naongea na mtoto wa darasa la nne.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza," nikasema, na hasira zangu za karibu zikafika. "Miezi mitano umejifungia kama bikizee wa eda. Kama umekufa tuambie, tukuzike, mkeo apumzike!"

Kikombe cha plastiki kilinipata katikati ya paji la uso. Chai ilinitiririka mpaka kwenye ndevu. Kutoka pale alipokuwa ameketi hadi nilipokuwa mimi ni upana wa chumba kizima, na hakuwa ameinuka, hakuwa hata ameinua kichwa vizuri.  Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Kwa mkono gani?" nikamuuliza.

Akautazama. Ulikuwa bado uko hewani, mkono wake wa kushoto, vidole vimefunguka. Aliutazama kwa muda mrefu, na nilimwona akishangaa, kama mtu aliyesikia mtoto asiyesema akisema.

"Ulikuwa umekusudia wapi?" nikauliza.

"Hapo hapo," akasema.

Kesho yake alasiri nilimpakia kwenye gari la ofisi mpaka uwanjani. Mwalimu alikuwa ametangulia. Alikuwa ameuviringisha mpini wa weji kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili unenepe na usiteleze, na hakusema pole wala nini; alisema, "Umechelewa." Rafiki yangu aliusokomeza mkono wa kulia ndani ya mshipi wa kikoi chake, akaishika fimbo kwa kushoto, akapiga. Hakugusa kitu. Akapiga tena. Fimbo ilimponyoka ikaruka nyuma, tukainama. Jioni ile alipiga labda mara hamsini na mpira ulisogea mara mbili, na mara moja kati ya hizo ni mguu wake ulioupiga. Nilidhani hatarudi. Saa kumi ya siku iliyofuata alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amevaa viatu, ananisubiri.

Basi tulirudi kwenye ubishi, na ubishi ulirudi na ladha yake. Mwalimu alisema zungusha mabega, mkono utafuata. Mimi nilisema piga kwa nguvu zaidi, ushauri ninaoutoa kwa kila jambo. Mwalimu akasema kwamba kwa weji hata mpira haupigwi: unagonga mchanga kidogo nyuma yake, mchanga ndio unaoubeba mpira. Alikuwa ameshatuambia hayo zamani na hatukuwahi kuyaamini. Nani anagonga asichokitaka? Lakini rafiki yangu alisimama akafikiri, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Hiyo ni kweli, maalim," akasema. "Chini ya shuka hata mimi sianzi na bei. Naanza bembeni. Bei inakuja yenyewe."

Tangu siku hiyo aliacha kuutazama mpira. Alitazama mchanga. Alikuwa anaweka fimbo nyuma polepole, anaiacha pale juu kidogo, mkono wa kushoto umenyooka vile vile mwalimu alivyotuhubiria mwaka mzima, kisha anaiachia iteremke. Mchanga uliruka. Mpira nao mara uliruka, mara ulikaa.

Nakumbuka siku yenyewe kwa sababu ngamia walikuwa wamepita asubuhi. Kundi zima lilikuwa limekatiza uwanja wetu likielekea mtoni, na kila mahali palikuwa na nyayo zao, zile nyayo pana zinazozama mchangani kama sahani. Mpira wa rafiki yangu uliangukia ndani ya unyayo mmoja, ukatulia chini kabisa. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mathenge unaomzidi mtu kimo, na nyuma ya mathenge ndiko liliko shimo la tatu. Nikamwambia autoe kwa mkono, hakuna sheria inayoshughulika na nyayo za ngamia. Mwalimu akasema hata yeye mwenye mikono miwili angeutoa kwa mkono.

 Rafiki yangu aliuburuta mguu wake akasimama. Akausukuma mkono wa kulia ndani ya mshipi. Nilimsikia akisema bismillahi. Fimbo ikaenda nyuma, ikangoja pale juu, ikashuka, na sauti yake haikuwa sauti ya kupiga. Ilikuwa kama ya mtu anayefunika kitabu. Mchanga ulisimama hewani. Na kutoka ndani ya mchanga ule mpira ukatoka, mweupe, ukapanda, ukapanda, ukapita juu ya mathenge na bado unapanda, mpaka nikaona haja ya kuinua mkono kukinga jua ili niuone. Kule juu ulisimama. Najua mpira hausimami, mwalimu amenieleza. Lakini mimi niliuona umesimama. Kisha ukashuka upande wa pili, wima, bila haraka.

"Subhanallah," nikasema. Vinyweleo vya mikono yangu vilikuwa vimesimama. Nimezalisha ngamia aliyekwama nikamtoa ndama akiwa hai, nimeona mto mkavu ukawa bahari kwa siku moja, na mambo hayo yote yalinistaajabisha, lakini hayakunitia woga kama ule mpira. Niliogopa kama mtoto, ile hofu tamu ya kuona kitu kikubwa kuliko ulivyodhani dunia inaweza kubeba. Mkono ule! Miaka arbaini tumeuficha, tumeuchapa kwa mwiko, na ndani yake kulikuwa na kitu hiki. Nilitazama wangu. Sikujua kilichomo.

Mwalimu alikuwa amevua kofia. Twiga wawili waliokuwa wakila mgunga ng'ambo hawakushughulika. Tulizunguka mathenge tukaukuta mpira kwenye mchanga wa oili, hatua moja kutoka kwenye shimo.

"Ulifanyaje?" mwalimu akamuuliza, yeye mwalimu.

"Sikufanya," akasema rafiki yangu. "Mimi niliachilia tu."

Mke wake alikuwa ametufungia sambusa. Tuliketi kwenye vipande vyetu vya zulia, rafiki yangu akafungua karatasi, akachukua sambusa kwa mkono wa kushoto, akaila mbele yetu huku akieleza tena na tena jinsi fimbo ilivyoteremka. Nilijitia kutazama barabara. Nilikuwa nalia na sikutaka anione, maana angenicheka mpaka Eid.

Baada ya hapo akawa jeuri. Alitulazimisha na sisi tusokomeze mikono ya kulia kwenye mishipi, tupige kwa kushoto peke yake jioni nzima, na tukilalamika alituambia tumezaliwa na mikono miwili na tumelea mmoja. Mwalimu akataka kumjibu kwa methali kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. "Hauchinji," akasema rafiki yangu, "lakini mimi sikuchinja hata siku moja. Mimi nauza." Baada ya majuma kadhaa niliporudisha mkono wa kulia kwenye fimbo, chuma saba kiliimba. Mpira ulinyooka na kupita ule mgunga ambao mwaka mzima ulikuwa mpaka wangu. Nilimwomba mwalimu msamaha kwa mambo niliyokuwa nimemwambia kuhusu video zake.

Lakini "mimi nauza" ile iliniingia. Hakuwa amelisema neno hilo tangu augue. Nikangoja siku chache, kisha nikamwambia nina fahali wangu kule Kotile, nataka kumleta sokoni Jumatano, na ninahitaji dalali. Akasema wapo wengi. Nikasema wengi siwataki. Akasema nitamfanya achekwe na soko zima. Nikasema basi fahali atazeekea kwangu, na nikainuka kuondoka, na sikuwa natania. Nikafika mlangoni.

"Rangi gani?" akauliza.

Jumatano ile nilikuwa na homa ya woga kuliko ng'ombe aliyechomwa sindano. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akaja, akasimama nyuma yangu na viatu vyake vya darasani katikati ya mavi. Madalali wenzake walimsalimia rafiki yangu kwa furaha ya kweli, kisha macho yao yakateremka kwenye mshipi ambamo mkono wa kulia ulikuwa umesokomezwa, yakaondoka upesi. Fahali wangu, mwekundu, mwenye nundu, akasimama. Mnunuzi alikuwa mzee kutoka Hadado, hatumjui na yeye hatujui, mtu mrefu mwenye ndevu za hina. Alimzunguka fahali mara mbili, akamshika mgongoni, akamfungua mdomo. Kisha akaja mbele ya rafiki yangu, akaondoa shuka begani na kunyoosha mkono wa kulia.

Rafiki yangu akatoa wa kushoto.

Niliusikia ukimya ukitoka kwetu na kwenda nje, mtu hadi mtu. Uso wa mzee ulijifunga. Mkono wake ulibaki palepale ulipokuwa, na shuka likining'inia kwenye mkono mwingine, na nikaona taya likikaza. Nilitaka kuruka katikati nieleze, nimeshafungua mdomo, na mwalimu akanishika shati kwa nyuma. Rafiki yangu hakueleza. Hakuinamisha kichwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya watu wote, umefunguka, umetulia.

Mzee akatazama mshipi. Akatazama kiatu kilichochakaa upande mmoja kwa kuburutwa. Kisha akaurudisha mkono wake wa kulia, akautumia kushikia shuka, na mkono wa kushoto akaufuta kwenye kikoi chake, mbele na nyuma, taratibu, kama anavyofuta mtu kiti kabla mgeni hajakalia. Akaunyoosha. Shuka likaanguka juu ya mikono miwili ya kushoto.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu shuka likaanza kufurukuta, na mzee wa watu akakunja uso, akauma mdomo, jasho likamtoka. Mkono wake ulikuwa haujui kusema. Ulikuwa, kama nilivyosimuliwa baadaye, unashika vidole viwili ukitaka kushika kimoja, unabonyeza pasipo na maana, na yeye mwenyewe, mnunuzi wa miaka yote hiyo, akaanza kucheka kwa aibu. Rafiki yangu hakucheka. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, ule ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Aliinama kidogo kwa mzee, kama kwa ami yake, na akasema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa tukichezea:

"Legeza, adeer. Unashika kama mtu anaogoba."